Nina seva 3 za VM: ninunue SAN au niunganishe diski za ndani?

mlinzi_wa_seva
Wakuu habari zenu. Ofisini tuna seva 3 za Proxmox (programu ya kuendesha VM), VM (kompyuta pepe ndani ya seva) kama 20 hivi, nyingi nyepesi tu ila kuna moja ya databesi ya uhasibu ndo inanyima watu usingizi. Kila seva inatumia diski zake za ndani na shida inaanzia hapo, ya kwanza imejaa pomoni wakati ya tatu iko nusu tupu na siwezi kuazima nafasi, halafu nikitaka kuhamisha VM ya GB 500 inabidi diski yake yote ikopiwe kwenye netiweki, unaenda kula unarudi bado inajikokota. Seva ikizima VM zake zote zinalala nayo. Bosi kaleta bei ya SAN (boksi la diski linalotumiwa na seva zote kupitia netiweki) yenye kontrola 2, yaani ubongo wa boksi uko mara mbili moja ikifa, mi nimesikia unaweza kuunganisha diski za seva zote kwa programu zikaonekana storeji moja. Ipi inafaa?

kebo_ya_bluu
Mkuu unachosema kwenye Proxmox kipo tayari, kinaitwa Ceph. Ila piga hesabu kwanza. Kwa kawaida inaweka kopi 3 za kila kitu, kila seva kopi moja, kwa hiyo ukiwa na TB 4 kila seva una TB 12 kwenye karatasi ila za kutumia ni 4, na hizo 4 usizijaze, ikifika 85% inaanza kulalamika na ikifika 95% inagoma kuandika kabisa, VM zote zinaganda. Seva moja ikifa kazi inaendelea kwa kopi 2, zikifa mbili inasimama. vSAN ya VMware (mshindani wa Proxmox) nayo inafanya kazi hiyohiyo, ila tangu Broadcom wainunue VMware 2023 laisensi ni za kulipia kwa muda tu.

Una swichi gani na SSD gani?

mlinzi_wa_seva
Swichi ni ya gigabiti 1, SSD ni hizi za kawaida za kompyuta za mezani.

kebo_ya_bluu
Basi Ceph sahau kwa sasa 😅 Databesi ikiandika kitu inasubiri mpaka kopi zote ziseme zimeshaandika, yaani kila muamala unapita kwenye waya kwenda seva nyingine na kurudi. Gigabiti 1 ni MB 125 kwa sekunde ikijitahidi sana, anza na gigabiti 10. Na hizo SSD hazina kapasita za kushikilia data umeme ukikatika, kwa hiyo kila andiko lazima litue kabisa kwenye chipu kabla ya kujibu, inayojisifu maandiko makumi elfu kwa sekunde utaiona inashuka mpaka mia kadhaa. Tafuta SSD za seva zenye kinga hiyo. Kadi ya RAID (inayounganisha diski za seva zionekane moja) nayo iwekwe pembeni, Ceph inataka kuziona diski zenyewe.

Zuu_Admin
Mnamrukisha hatua jamani. Mkuu muulize bosi swali moja, seva ikifa ghafla mnaweza kuvumilia kupoteza data ya dakika ngapi? Kama hata 15 ni sawa, weka ZFS (mfumo wa kupanga data kwenye diski) kila seva uwashe replikesheni ya Proxmox, yenyewe inapeleka mabadiliko kwa seva jirani kila dakika 15 na unaweza kuishusha mpaka 1. Swichi yako inatosha, na kuhamisha VM kunakuwa haraka kwa sababu sehemu kubwa ya diski imeshafika kule. Haitakupa nafasi ya pamoja hiyo, seva iliyojaa itabaki imejaa mpaka uhamishe VM kwa mkono.

SAN siipingi, ila kontrola 2 ndani ya boksi moja bado ni boksi moja, likifa lote seva zote 3 zinakosa diski.

mlinzi_wa_seva
Uhasibu dakika 15 hawatakubali, dakika 1 naweza kuwashawishi. Na hii thin provisioning (kuigawia VM nafasi kubwa kwa ahadi, diski inaliwa tu inapoandika), niiwashe nijipatie nafasi?

Zuu_Admin
Iwashe, ila weka alamu. Ukizigawia VM TB 10 juu ya TB 4 za kweli kila moja inaamini inazo, siku wakianza kujaza kwa pamoja storeji inaisha na hakuna VM iliyoona dalili. Washa na discard (VM kuiambia storeji nafasi ipi haitumiki tena) kwenye diski za VM, bila hiyo ukifuta faili ndani nafasi hairudi. Na bakapu ikae nje ya hizo seva 3, mtu akifuta jedwali la uhasibu replikesheni inalifuta na kwa jirani.