Nimepungua kilo 13, sketi zinanivuka: naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Niko Mwanga, Kigoma mjini. Tangu Januari nimetoka kilo 96 hadi 83. Ugali nimepunguza, na jioni natembea kwa mguu mpaka Ujiji, narudi na daladala.

Shida ni nguo. Sketi za kazini nazibana na pini, na juzi moja ilinivuka mbele ya wateja. Bahati nilikuwa na kitenge kwenye pochi! Lengo ni kilo 70, kwa hiyo nikinunua nguo za maana sasa, baada ya miezi michache zitakuwa magunia. Fundi yuko tayari kuzipunguza, lakini nimemwomba asikate kitambaa, akunje tu kwa ndani. Najijua mimi na migebuka ya kukaanga.

Madera nyumbani sawa, ofisini hapana. Nimewaza mitumba ya soko la Mwanga, sketi mbili za lastiki na blauzi tatu. Bajeti ni elfu 40. Zitatosha wiki nzima bila watu kunisema?

Na sidiria mlifanyaje? Za mtumba siziwezi jamani.