Acheni kufunga manailoni kwenye miti ya visima vitakatifu vya Ayalandi!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Uzi huu ni wa wenzangu tunaoishi huku Ayalandi, hasa nyinyi mnaopeleka wageni kutembea.

Juzi nilikuwa Kildare, kwenye kisima cha Mtakatifu Brigida. Ule mti wa matambara, unaofungwa vitambaa na wanaokuja kuomba uponyaji, ni aibu tupu! Soksi ya nailoni, barakoa, tishu za maji, hata karatasi ya peremende imepigwa fundo. Kuna tawi limebanwa na kamba ya plastiki, zile za kubania waya, hadi kamba imezama ndani ya gome.

Hivi mnajua kitambaa kinafungwa pale kwa nini? Mgonjwa anachana kipande cha nguo, anakichovya kwenye maji ya kisima, anajipangusa panapouma, ndipo anakifunga mtini. Kitambaa kikioza, na maradhi yanakwisha. Ndiyo imani yenyewe! Sasa nailoni itaoza lini? Kwa imani hiyohiyo mnayoiiga, mmejifungia ugonjwa usiokwisha.

Na msiniambie wenyeji watayatoa. Wazee wa huku wanaamini ukifungua kitambaa cha mtu, maradhi yake yanakuhamia wewe. Nani atathubutu? Takataka zenu zinabaki, mti unakabwa.

Mti kufa kwa mapenzi ya mahujaji si jambo geni. Clonenagh, kaunti ya Laois, kulikuwa na mti wa Mtakatifu Fintan. Watu walipigilia sarafu kwenye shina miaka nenda rudi, shaba ikautia sumu, na mwaka 1994 ukaanguka.

Kilichonichefua zaidi ni kundi moja la watalii. Bibi mmoja alikuwa anazunguka kisima akisali, akifuata mwendo wa jua, rozari mkononi, Salamu Maria mdomoni. Wakamwambia asogee, anawaharibia picha! Na kiongozi wao kimya, anachekacheka tu. Yule bibi akakaa pembeni akingoja wamalize. Nilitetemeka kwa hasira.

Jamani, visima hivi vimepiganiwa. Sheria ya mwaka 1704 iliharamisha mikusanyiko hii ya Wakatoliki: faini shilingi 10, na asiye nazo anachapwa viboko hadharani. Watu hawakuacha kuja. Leo hakuna anayemzuia mtu, na Brigida tangu 2023 ana siku ya mapumziko ya taifa, halafu bibi wa watu anafukuzwa kwa ajili ya simu!

Mkienda, chukueni pamba, kitani au sufu, kipande chembamba, na mkifunge kwa kulegeza. Kama huna, omba tu, maji yapo. Sarafu zibaki mfukoni. Ukikuta mtu anazunguka, mpishe kwanza amalize. Na nyinyi mnaotembeza wageni kwa malipo, waambieni haya kabla hawajashuka kwenye gari.