Fundi wa mwembeni katoa thamostati yangu, kapaka silikoni, halafu ananiuliza gari naliendesha au nalisomea!

Wakuu, naandika hasira ikiwa bado ya moto, mkiona herufi zimeruka mnivumilie.

Yule fundi. Mnamjua. Yule wa chini ya mwembe, mwenye ovaroli ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliye hai anayeikumbuka, anayegonga boneti hata kama umepeleka pancha. Jina simtaji na sina haja, nusu ya mji huu imeshamwachia hela.

Toyota IST yangu ilikuwa inavuja tone tone pale kwenye nyumba ya thamostati (ile vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto), yaani kile kifuniko cha alumini kinachoshika mpira wa chini wa rejeta. Kazi ya kubadilisha oringi tu, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji! Nati mbili za namba 10. Unafungua, unasafisha, unaweka oringi mpya, unafunga, unajaza kulanti (maji maalumu ya rejeta), unatoa hewa, kwisha. Nikamwachia, nikaenda kazini.

Leo nipo kwenye foleni ya Mwenge, taa nyekundu ya joto hiyo! Moshi ukatoka kwenye boneti mpaka daladala ya nyuma abiria wakaanza kushuka. Nikazima, gari likakokotwa hadi mwembeni, nikamwambia fungua mbele yangu.

Kafungua. Thamostati HAMNA. Ndani ni shimo. Sikio moja la kifuniko limepasuka kwa kukazwa na mpini mrefu, na pale kwenye ufa kapaka silikoni nyeusi kama siagi kwenye mkate. Nyingine imening'inia kwa ndani, ukiigusa inakatika. Hiyo ikinyofoka inasafiri na maji mpaka kwenye vijitundu vya rejeta, inaziba. Oringi yangu mpya nikaikuta kwenye droo yake, bado iko kwenye pakiti!

Namuuliza thamostati yangu iko wapi. Ananiambia, "Dada, kile kidude ni cha nchi za baridi, Dar joto lote hili cha nini?" Nikamwambia imeandikwa 82 kwenye bati lake, inafunguka maji yakifika nyuzi hizo, haijui kama uko Dar au Ulaya. Ndipo akawageukia bodaboda waliokuwa kivulini, akasema kwa sauti: "Dada, kwani wewe gari unaliendesha au unalisomea?"

Wakacheka. Mmoja kaanguka na pikipiki yake. Mama ntilie kaacha chapati zinaungua kwa ajili ya kunicheka mimi.

Naliendesha au nalisomea! Mtu kavunja kifuniko changu, kaficha ufa, kala hela yangu, halafu MIMI ndiye nina kosa la kujua nyuzi 82! Naliendesha au nalisomea!! Nimeoga, nimekula, nimelala kidogo, bado naisikia ile sauti.

Konda Mstaafu: Pole dada. Ila swali la watu hujalijibu. Unaliendesha au unalisomea? 😂

Mchuzi wa Nazi: Hahaha mwembeni tena! Mimi alinitolea feni akasema upepo wa baharini unatosha.

Spana Kumi: Dada ana haki, msimcheke. Mimi ni fundi na kazi za huyo bwana ndizo zinazonilisha, kila wiki narudia alichoharibu. Kifuniko cha alumini hakikazwi kwa nguvu za kufungulia nati za tairi. Zile nati zinataka nyutoni mita 9 hivi, yaani spana fupi na mkono wa kawaida. Ukisafisha uso wa alumini usikwangue kwa bisibisi, ukiuchora tu maji yanapata njia. Ikiwa na oringi, silikoni haihusiki kabisa. Na ile pini ndogo inayochezacheza kwenye thamostati ikae juu, ndiyo inayopitisha hewa. Ukitaka kujua kama thamostati ni nzima, itumbukize kwenye sufuria ya maji, bandika jikoni, uone kama inafunguka. Hicho kifuniko kilichopasuka usikigundishe dada, nunua kingine.

Babu Corolla: Acheni maneno ya mtandaoni. Natembea bila thamostati tangu 2015 na haijawahi kuchemsha.

Spana Kumi: Mzee wangu shikamoo. Injini yako inafanya kazi ikiwa baridi, kompyuta inadhani ndiyo kwanza umewasha asubuhi, inaongeza mafuta. Sheli unawapa zawadi. Na Toyota nyingi thamostati ikifunguka inaziba pia ile njia ya mkato. Ukiitoa, njia inabaki wazi, maji ya moto mengine yanarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Panda na gari hilo mlima wa Kitonga umejaza mzigo, utanitafuta.

Babu Corolla: Marahaba. Mimi Kitonga siendi.

Mwenye uzi: Asante Spana Kumi! Mnaona? NYUZI 82! Na yeye ananiuliza nalisomea! Mbele ya watu!

Konda Mstaafu: Kwa hiyo unalisomea. Tumeelewa. 😂😂

Mama Pacha: Afadhali wewe dada. Noah yangu ilijazwa maji ya kisima, yale ya chumvi. Baada ya muda kifuniko kilipofunguliwa mdomo wote umelika, una ukoko mweupe na vishimo vishimo. Fundi anasema "maji ni maji". Kulanti nilinunua mimi, sijui alikunywa!

Mchuzi wa Nazi: Si bora wewe hata hayo ya kisima unayo. Kwetu bomba linatoa upepo, bili inakuja na maji yote.

Mama Pacha: Usiniambie! Bili yangu ya mwezi huu ni ya mtu mwenye bwawa la kuogelea. Nina ndoo tatu na beseni.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye thamostati. Naomba ushauri, nimdai kifuniko kipya au niende serikali za mtaa?

Babu Corolla: Mama Pacha hiyo mita inasoma hewa. Hewa ikipita mita inazunguka vilevile. Ilinikuta.

Mchuzi wa Nazi: Mita tuziache, mafundi bomba je? Wangu kafunga tangi juu ya dari, kaondoka, usiku dari lote chini. Namwita anasema tangi lilikuwa zito. Lilikuwa na maji, lisiwe zito!

Konda Mstaafu: 😂😂😂 Picha tafadhali.

Mama Pacha: Kuna mwenye fundi bomba mwaminifu? Koki yangu ya jikoni inadondosha tangu Idi.

Babu Corolla: Ninaye, kijana mzuri. Njoo chemba nikupe namba.