RP mbili, mtandao mmoja: MSDP, Anycast-RP ya PIM au SSM?

RutaNne: Wakuu, nina RP mbili (rendezvous point, ruta ambako vyanzo na wapokeaji wa maltikasti hukutanishwa) za PIM sparse mode, itifaki ya kupeleka mkondo mmoja kwa wapokeaji wengi, IPv4. Moja ikifa nataka nyingine ishike palepale. Halafu kuna jirani mwenye AS yake (mtandao anaousimamia mwenyewe) anataka kupokea video zetu. Niweke MSDP, ile itifaki ya RP kuambiana vyanzo vilivyopo, kote, au?

Lupubeki: Hayo ni maswali mawili, usiyafunge kamba moja. Kwa jirani, achana na MSDP. RFC 8815 (waraka wa viwango vya intaneti) ya 2020 yenyewe inasema kati ya mitandao ya wenyewe tofauti tumieni SSM (maltikasti ya chanzo maalumu). Mpokeaji anataja chanzo na kundi (232.0.0.0/8), basi: RP haihitajiki, wala hakuna chanzo cha kutafuta.

KeboNdefu: Mpaka ukutane na kisanduku kinachojua IGMPv2 tu (IGMP ndiyo kifaa hutumia kuomba kundi) 😅 SSM inataka v3. Dawa ipo, ruta ya mwisho inaweza kuoanisha kundi na chanzo kwa niaba ya kifaa, ila orodha ile utaitunza wewe.

Pakiti: Ndani MSDP bado inanifaa. RP zote mbili zinabeba anwani moja, tuseme 10.255.0.1/32 kwenye Loopback0 (kiolesura cha kubuni ndani ya ruta), na kila moja ina ya kwake kwenye Loopback1. Kwa ruta za Cisco:

`ip msdp peer 10.255.0.12 connect-source Loopback1`
`ip msdp originator-id Loopback1`

Mstari wa pili wengi wanauruka. Bila huo, SA (tangazo la MSDP kuhusu chanzo) inatoka na ile anwani ya pamoja, mwenzake anaiona kama RP yake mwenyewe na kuitupa. Kikao kinasoma Up, video hakuna. Na router-id (kitambulisho cha ruta) ya OSPF, itifaki ya kutafuta njia, iandike kwa mkono, isije ikaokota Loopback0 kwenye ruta zote mbili.

SwichiB: Mimi ningeenda na Anycast-RP ya PIM (RP kadhaa, anwani moja, bila MSDP), RFC 4610. RP ikipokea Register (pakiti ya kuandikisha chanzo) inawapelekea nakala wenzake walio kwenye seti. Hakuna kikao cha TCP wala akiba ya SA, na IPv6 inakubali, wakati MSDP ni IPv4 tu. Hakikisha tu ruta zako zote mbili zinaiunga mkono.

RutaNne: Moja ni ya zamani, haina. Kwa hiyo MSDP ndani, SSM kwa jirani. Vichujio vinahitajika hata kama ni ndani tu?

Lupubeki: Weka kikomo cha SA kwa kila mwenza. Mwaka 2001 mnyoo wa kompyuta uitwao Ramen ulikuwa unachungulia anwani ovyo, zikiwemo za maltikasti, na kila pakiti ikazaa SA mpya, ruta zililemewa. Kwenye kichujio zuia 232/8, 224.0.1.39 na 224.0.1.40 (hizi mbili ni za Auto-RP, njia ya Cisco ya kutangaza RP). Ila 239/8 (maltikasti ya matumizi ya ndani) usiizuie kati ya RP zako kama makundi yako yako humo, wengi wanabandika orodha ya mpakani bila kuisoma. Na TCP 639 iwe wazi kwa wenza tu.

Pakiti: Ukimaliza, zima Loopback0 ya RP ya kwanza huku video inacheza, uangalie `show ip msdp sa-cache` kwenye ya pili. Tuwekee matokeo hapa.