Jumapili ya Daktari kwenye kikundi cha ukoo

UKOO WETU, TABATA HADI KIGAMBONI
Jumapili, 23 Novemba 2025

Idrisa 18:41
*Imesambazwa mara nyingi*
[Picha]
Jamaniii! Daktari mpya kapatikana! Angalieni wenyewe!

Zuhura 18:43
Idrisa hiyo umeitoa wapi

Idrisa 18:43
Kikundi cha chuo. Kila mtu anaituma

Zuhura 18:44
Nimekuuliza imetoka wapi, sijauliza nani anaituma

Mama 18:46
Daktari gani tena? Nani anaumwa?

Zuhura 18:46
Hakuna mgonjwa mama. Ni Doctor Who, ile tamthilia ya Uingereza, yule msafiri wa kibanda cha bluu cha polisi, anaitwa Daktari. Mwili ukichoka anageuka mtu mwingine, anachezwa na mwigizaji mpya.

Mama 18:47
Alhamdulillah. Nilishavaa na viatu.

Mjomba Hamisi 18:52
Ndiyo natoka kuswali. Naona leo kuna moto humu.

Idrisa 18:52
Shikamoo mjomba

Zuhura 18:52
Shikamoo mjomba

Mjomba Hamisi 18:54
Marahaba wanangu. Idrisa umechagua siku. Kipindi cha kwanza kabisa kilionyeshwa tarehe kama ya leo, 23 Novemba 1963. Miaka 62. Sasa hiyo picha nimeikuza mpaka mwisho. Haina tarehe, haina jina la aliyetangaza, na koti alilovaa huyo bwana ni koti la Daktari mwingine. Kichwa kimebandikwa.

Idrisa 18:55
Mjomba lisemwalo lipo, kama halipo laja

Mjomba Hamisi 19:01
Hilo nalijua. Lakini angalia wenyewe wanavyotangazaga. Matt Smith, Januari 2009, BBC wakatoa kipindi cha kumtambulisha. Peter Capaldi, 4 Agosti 2013, moja kwa moja kwenye televisheni. Jodie Whittaker, 16 Julai 2017, fainali ya wanaume ya Wimbledon imeisha tu, wakatoa video fupi, anavua kofia unaona ni mwanamke. Ncuti Gatwa, 8 Mei 2022. Hawa watu wakiwa na neno wanalisema kwa sauti. Hawalipitishi kwenye kikundi cha chuo.

Idrisa 19:03
Sawa, ila 2005? Christopher Eccleston kipindi chake cha kwanza kilirushwa 26 Machi, na haikupita hata wiki habari za kwamba anaondoka zikatoka. Watu wangesema uongo huo, mtu ndiyo kwanza kaanza! Kumbe kweli anaondoka.

Mjomba Hamisi 19:04
Hapo umenipata. Kweli kabisa.

Zuhura 19:05
Lakini pale BBC wenyewe walithibitisha. Hii yako nani kathibitisha? Halafu ndugu yangu unarukia Daktari ajaye wakati huyu aliyepo hatujui ni nani.

Salma 19:06
Si Billie Piper jamani? Nilimwona kwa macho yangu. Assalam aleikum wote

Zuhura 19:13
Waaleikum salaam Salma. Ngoja nieleze maana hili nimelifikiria tangu Mei.

Tarehe 31 Mei Gatwa aligeuka, mwanga ukatoka, tukaona uso wa Billie Piper anatabasamu. Kila mtu akasema basi, Daktari ndiye huyu. Lakini mimi nikasubiri majina ya mwishoni yapite. Matt Smith alipoingia 2010 waliandika kwamba wanamtambulisha kama Daktari. Jodie 2017 hivyo hivyo. Kwa Billie wameandika wanamtambulisha Billie Piper. Nukta. Anacheza kama nani hawakusema. Na taarifa ya BBC usiku ule nayo ikakwepa hapo hapo. Watu walioandika mstari huo miaka yote hawawezi kusahau neno moja.

Idrisa 19:14
Sura ipo, nguo za Daktari kavaa, kasimama kwenye kibanda chake. Sasa kama si Daktari ni nani?

Zuhura 19:16
Unakumbuka ile ya miaka 50, ya 2013? Billie alirudi, sote tukashangilia Rose karudi, yule msichana aliyekuwa akisafiri na Daktari. Hakuwa Rose. Ilikuwa silaha yenye akili yake, imeazima sura ya Rose ili iongee na Daktari. Kwa hiyo sura hiyo imeshatuchenga mara moja.

Salma 19:19
Na wana tabia ya kurudisha sura hawa. Capaldi mwenyewe 2008 alikuwa baba wa familia kule Pompeii, volkano inalipuka, miaka mitano mbele anatangazwa Daktari. Kwenye kipindi hicho hicho cha Pompeii alikuwepo Karen Gillan kajipaka uso, akaja kuwa Amy, mwenzake Daktari safarini. Freema Agyeman mhusika wake alikufa 2006, 2007 akarudi kama Martha, naye mwenzake Daktari 😀

Idrisa 19:20
Eeh hilo la Karen Gillan sikuwahi kuliona. Narudia leo leo

Mama 19:21
Idrisa umenunua umeme? Zimebaki yuniti 3

Idrisa 19:21
Nanunua sasa hivi mama

Salma 19:24
Lakini mimi naambiwa yote haya hayana maana, tamthilia imeshakufa. Disney waliokuwa wakishirikiana na BBC wamejitoa.

Mjomba Hamisi 19:31
Salma mwanangu, hapo kuna kweli moja imechanganywa na uongo mmoja. Disney wamejitoa, kweli, BBC walisema mwezi uliopita. Lakini katika taarifa hiyo hiyo wakasema inaendelea, na Krismasi ya 2026 kuna kipindi maalumu, anaandika Russell T Davies. Huyo ndiye aliyeifufua 2005. Na mwezi ujao BBC wanaanza ile tamthilia ya pembeni iliyotokana na hii, wanadamu na viumbe wa baharini, yumo Gugu Mbatha-Raw. Alikuwa dada yake Martha 2007.

Kufa ilikufa 1989. Pale walinyamaza tu, hakuna aliyetangaza msiba, na watu wakakaa miaka 16 wakiwa na filamu moja ya 1996 katikati. Mimi nilikuwa nimesharudi nyumbani muda mrefu, nikajua basi, ile kitu ya Jumamosi imekwisha.

Zuhura 19:32
Mjomba simulia ile ya London, Salma hajawahi kuisikia vizuri

Salma 19:32
Baba hajawahi kunisimulia kabisa!

Mjomba Hamisi 19:44
Hukuwahi kuuliza mama.

1979 kazini walinipeleka kozi London. Nyumba tuliyopanga ilikuwa na televisheni moja, iko sebuleni, na Jumamosi jioni wapangaji wote tunajaa pale. Mimi Mtanzania, Wahindi wawili, na mzee mmoja wa Jamaica aliyekuwa na kiti chake, humkalii. Daktari wakati ule ni Tom Baker, mwenye skafu ndefu mpaka miguuni. Vuli ile ITV (ITV ya kwao, si hii yetu ya Mikocheni) walikuwa kwenye mgomo, basi nchi nzima ikahamia BBC. Kipindi kimoja cha hadithi ya Paris kiliangaliwa na watu zaidi ya milioni 16. Kingereza changu kilikuwa bado kizito lakini yule mtu nilimwelewa kwa macho.

Mzee wa Jamaica ndiye aliyeniambia kwamba Tom Baker alipopewa ile nafasi 1974 alikuwa kibarua kwenye ujenzi. Alishaigiza kabla, ila kazi zilikauka, akaenda kubeba zege. Akatoka pale akawa Daktari miaka saba. Ndiyo maana mkiniuliza namtaka nani, jibu langu ni lile lile. Namtaka mtu ambaye leo hakuna anayemweka kwenye picha. Steringi maarufu anakuja na sura yake yote, unamwona yeye. Asiyejulikana unamwona Daktari.

Idrisa 19:46
Mjomba hii ungeiandika mahali

Salma 19:47
Baba 🥹

Zuhura 19:50
Mimi namtaka Jo Martin. Huyo wala si uvumi, ameshakuwa Daktari. Januari 2020 alitokea tu, anaongoza watalii kwenye mji mdogo wa Gloucester, kumbe ni Daktari ambaye hata Jodie hamkumbuki. Daktari wa kwanza mweusi, miaka miwili kabla Gatwa hajatangazwa. Na hajapewa msimu wake hata mmoja. Kila mwaka namsubiri.

Idrisa 19:51
Huyo hata mimi napiga kura

Mama Mkubwa Rehema 19:58
Wanangu hamjambo. Nimekuwa nasoma kimya. Huyo Gatwa mnayemtaja, jina hilo la kwetu huku huku?

Zuhura 20:00
Shikamoo mama mkubwa. Ni Mnyarwanda. Kazaliwa Rwanda 1992, familia yake ikakimbia 1994, akakulia Scotland. Ndiye mtu mweusi wa kwanza kuiongoza tamthilia yenyewe.

Mama Mkubwa Rehema 20:09
Marahaba. 1994 nilikuwa Ngara, nilipelekwa kuongeza nguvu kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Benako. Mwisho wa Aprili, kwa siku moja tu, watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Watoto wa umri huo, miaka miwili hawajatimiza, walikuja mgongoni, wengine mgongoni kwa mtu ambaye si mama yao. Tuliwapima, tukawaandika kwenye daftari, wakaenda. Hakuna hata mmoja niliyepata kujua alikuja kuwa nani.

Sijasema kijana huyo alipita kwetu. Ila nikisikia mtoto wa mwaka ule amekuwa mtu mkubwa, nasimama.

Mama 20:11
Dada hukuwahi kutuambia hivi.

Mama Mkubwa Rehema 20:12
Nitakuambia mengine nikija.

Zuhura 20:17
Mama mkubwa nimesoma mara tatu.

Ndiyo maana kuondoka kwake kumeniuma. Misimu miwili, vipindi nane nane, na viwili vya Krismasi. Tulikuwa ndiyo kwanza tunamzoea. Idrisa sikukukasirikia wewe. Hizi picha zinanikera kwa sababu kila moja inamzika Gatwa upya, na hata hatujaambiwa Billie ni nani.

Idrisa 20:18
Nimekuelewa dada

Mjomba Hamisi 20:29
Na huko kuondoka ndiko kulikoiweka hai, Zuhura. William Hartnell, yule wa kwanza, aliishiwa afya. Alikuwa hajafika miaka 60 lakini ameshakuwa mzee, maneno yanamtoka kichwani. Kwingine wangefunga. Hawa wakaamua Daktari si binadamu, mwili ukichoka anapata mwingine. 29 Oktoba 1966 Hartnell akaanguka chini ndani ya kibanda, akainuka Patrick Troughton. Yote tunayobishania leo yametoka kwenye ugonjwa wa mzee mmoja.

Kipindi chenyewe BBC waliifuta kanda. Kilichobaki hasa ni kile kipande cha kugeuka, maana kiliwahi kuonyeshwa ndani ya kipindi cha watoto. Za Troughton nyingi nazo zilifutwa, ila kopi zilikuwa zikiuzwa kwa vituo vya nje, na mwaka 2013 vikatangazwa vipindi tisa vilivyokutwa Jos, Nigeria. Huku kwetu Afrika ndiko vilikotunzwa.

Salma 20:30
Nigeria!! Hiyo sikuijua

Zuhura 20:30
Mimi naijua na bado kila nikiisikia nasisimka

Idrisa 20:33
*Ujumbe huu umefutwa*
Nimeifuta ile picha. Na kule chuo nimemuuliza aliyeianzisha kaitoa wapi. Anasema kaipata kwa binamu yake

Zuhura 20:33
Asante Idrisa

Mjomba Hamisi 20:36
Sasa Krismasi ya 2026 ni mbali. Jumamosi hii njooni Tabata, televisheni ipo, Idrisa atakuja na flashi. Tuangalie ile ya 2013 tumchunguze huyo Billie.

Mama Mkubwa Rehema 20:38
Mimi nataka kwanza ya huyo kijana wa Rwanda.

Zuhura 20:42
Basi najua ipi mama mkubwa. Ya Mei mwaka huu, kaiandika Inua Ellams, Mnaijeria. Daktari anakwenda Lagos kunyoa. Anasema kwa mwili huu alionao sasa, kule kwa kinyozi wanampokea kama ndugu, hakuna anayemuuliza katokea wapi. Kipindi karibu chote kiko ndani ya kile kibanda cha kinyozi, watu wanasimuliana hadithi.

Mama Mkubwa Rehema 20:44
Hiyo hiyo. Nitavuka na pantoni ya saa nane, nije na vitumbua.

Mama 20:45
Idrisa umeme

Idrisa 20:45
Nimeshaingiza mama, yuniti 28