Kufuta tatuu kwa leza: nitarajie nini, na je, itawahi harusi yangu?

Binti wa Ngamiani anauliza

Assalam aleikum, ndugu zangu nyote mnaosoma.

Naishi Ngamiani, Tanga, nina umri wa miaka 28, na natarajia kuolewa baada ya miezi 5, Mungu akijaalia. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam, nikiwa na miaka 19, nilichorwa tatuu upande wa ndani wa mkono wa kushoto, karibu na kifundo: maneno mawili kwa wino mweusi, na juu yake ua jekundu lenye majani mawili ya kijani. Yote kwa pamoja haizidi kiganja cha mtoto. Mchumba wangu ameiona, anajua ilivyotokea, wala hajanishurutisha kuifuta. Ni mimi mwenyewe nisiyeitaka tena, na kwa miaka 3 sasa nimekuwa nikiificha chini ya baibui, na siku za shughuli huomba nipakwe piko nzito, ile rangi nyeusi ya kujipamba kama hina, juu yake ili isionekane.

Nimesikia kwamba leza huiondoa, lakini kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Mmoja ameniambia ni siku moja tu, mwingine amesema ni miaka miwili. Naomba mwenye kujua anieleze kwa ukweli: maumivu yake yakoje, ni mara ngapi mtu hurudi, na je, inawezekana mkono ukawa safi kabla ya harusi? Mimi ni mweusi, na sikio langu moja lilipotobolewa lilifanya kovu lililovimba hadi leo. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwamba nitaondoa mchoro nipate kovu badala yake.

Muuguzi wa Pangani anajibu

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Nilifanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya ngozi kwa miaka kadhaa kabla sijarudi nyumbani Pangani, na maswali yako ndiyo yale yale niliyokuwa nikiulizwa kila wiki, isipokuwa hilo la piko. Wagonjwa wengi hawalitaji, na ndilo linaloweza kuwaunguza. Nitalirudia.

Kwanza uelewe leza inafanya nini, maana ukishaelewa hapo utaweza mwenyewe kumpima kila anayekuahidi jambo. Wino wa tatuu haupo juu ya ngozi. Umekaa katika tabaka la ndani, umeshikwa na chembe za kinga za mwili zilizoumeza tangu siku uliyochorwa, zikashindwa kuuondoa kwa sababu punje zake ni kubwa mno kwao. Ndiyo sababu hakuna krimu inayoufikia, na wanaosugua kwa chumvi au kupaka maji ya betri huishia kuchubua ngozi na kujiachia kovu. Leza hutoa mwanga mkali kwa muda mfupi sana, nanosekunde chache tu, yaani sekunde moja ikigawanywa mara bilioni, na mashine za miaka ya karibuni hutumia pikosekunde, ambayo ni fupi zaidi mara 1,000. Wino humeza mwanga huo na kupasuka vipande vidogo, kisha mwili wako wenyewe ndio unaovibeba na kuviondoa polepole kupitia mishipa ya limfu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika nyumbani, katika wiki zinazofuata, ukiwa umelala na ukiwa unapika, na ndiyo sababu huachwa wiki 6 hadi 8 kati ya siku moja ya leza na nyingine. Kwa ngozi nyeusi daktari mwangalifu huongeza muda huo. Anayekuambia uje kila baada ya wiki mbili ili umalize haraka, usimwamini.

Tatuu kama yako mara nyingi huhitaji mara 6 hadi 12, na zipo zinazozidi hapo. Kwa miezi 5 utapata mara 2, au 3 kwa kubana sana. Mkono hautakuwa safi siku ya harusi, na ni heri uyasikie haya leo kuliko kuyasikia ukiwa umekwishalipa.

Sasa tuje kwenye rangi, kwa sababu ngozi yetu hapa ina neno lake. Kila rangi ya wino inahitaji mwanga wa urefu wa wimbi unaoifaa. Wino mweusi humeza mwanga wa kila namna, na kwa mtu mweusi hutumiwa nanomita 1064, kwa kuwa mwanga huo hupenya chini bila kunaswa sana na melanini, ile rangi ya asili inayotufanya tuwe weusi. Maneno yako mawili, basi, yana matumaini mazuri. Ua jekundu linataka nanomita 532, na majani ya kijani yanataka 694 au 755, na hizo zote melanini inazipenda. Mwanga huishia juu kabla haujafika kwenye wino, ngozi ikapata joto, na hapo ndipo hutokea mabaka meupe au meusi. Meusi kwa kawaida hufifia baada ya miezi. Meupe huchukua muda mrefu zaidi, na mengine hayaondoki. Usishangae daktari akikuambia kwamba atafuta maneno na kuacha majani yafifie tu. Ukisikia hivyo, ujue umempata anayejali ngozi yako.

Piko na hina hukaa kwenye ngozi ya juu kabisa. Ukienda nayo, mwanga wa leza utaikuta hiyo kwanza kabla ya wino wa chini, na utaungua. Acha kuipaka hapo kabisa, na usubiri hadi ngozi iwe safi haina hata kivuli chake.

Na kuhusu sikio: jambo hilo mwambie daktari kabla hajakuuliza. Si kwamba linakuzuia, kwani leza iliyotumiwa vizuri haikati ngozi, lakini mtu mwenye asili ya makovu yanayovimba huanzishwa kwa nguvu ndogo, tena kwa kipande kidogo cha majaribio, halafu husubiri wiki kadhaa kuona ngozi imejibuje. Mwambie pia kama ua lile jekundu huwa linawasha au kuvimba, maana wino mwekundu ndio unaoongoza kwa kuleta mzio, na kuupasua kwa leza kunaweza kuuamsha.

Baharia wa Chumbageni anajibu

Dada, naandika kama mtu aliyepitia. Nilikuwa na nanga mkononi na nyota mguuni karibu na kifundo, zote nyeusi, nilizochorwa na mwenzangu melini tukiwa vijana.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenda saluni, ambayo sitaitaja, waliyosema wana leza. Baadaye nilikuja kuelezwa na daktari kwamba ile haikuwa leza ya tatuu, bali mashine ya mwanga wa kuondolea nywele. Mwanga wake hukaa muda mrefu mno kwenye ngozi, hivyo badala ya kuupasua wino huuchemsha pamoja na nyama iliyouzunguka. Nilipata malengelenge usiku ule ule, na lilipopona likabaki baka jeupe la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200, na nanga yangu ikiwa palepale chini yake. Nakuomba sana, kabla hujalala kitandani uliza jina la mashine, uliza ni nanomita ngapi, na uliza ni nani atakayeishika. Anayeijua kazi yake hatakasirika kwa kuulizwa.

Leza yenyewe nilifanyiwa Dar es Salaam. Unavalishwa miwani maalumu, wewe na daktari na yeyote aliyemo chumbani, kwa sababu mwanga ule huharibu macho papo hapo. Maumivu yapo, wala nisikufiche. Nayafananisha na mafuta yanayokurukia unapokaanga samaki, tone baada ya tone, kwa haraka. Lakini nanga nzima haikuchukua dakika tano. Walinipaka dawa ya ganzi saa moja kabla, wakawa wanapuliza hewa ya baridi. Mahali palipopigwa hugeuka peupe kama chokaa mbele ya macho yako, nami mara ya kwanza nilidhani nimeungua tena, kumbe ni vipovu vya gesi ndani ya ngozi, na baada ya kama robo saa ule weupe ulikuwa umekwisha. Kisha hubaki wekundu na uvimbe, na kesho yake au keshokutwa yanaweza kutoka malengelenge. Usiyatumbue. Nilikuwa nikiosha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, nikipaka Vaseline na kufunga bendeji isiyogandamana, na magamba yakaanguka yenyewe wiki ya pili. Baharini sikuingia hadi ngozi ilipofunga, na kwa mtu wa kazi yangu hilo halikuwa dogo.

Nanga ilihitaji mara 9, mwaka mmoja na nusu. Nyota ya mguuni, ingawa ilikuwa ndogo kuliko nanga, ilihitaji zaidi, kwa kuwa kadiri mahali palivyo mbali na moyo ndivyo damu inavyopita kwa uchache na wino unavyochelewa kuondoka. Tatuu yako ipo karibu na kifundo cha mkono, basi ujipe subira. Daktari pia alinitaka niache sigara, akisema wavutaji huchelewa kuona matokeo, na nikaacha. Katika hesabu zako usiweke gharama ya leza peke yake. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 300, na nauli, malazi na siku za kazi zilizopotea, ukizizidisha kwa mara 9, ni mzigo unaotaka kupangiwa tangu mwanzo.

Somo wa Makorora anajibu

Mwanangu, mimi ni somo, nimewatayarisha mabibi harusi wengi hapa Tanga, na nimeyasoma maneno ya muuguzi mara mbili. Sikuwa nikijua hilo la piko, na nitawaambia wenzangu.

Nataka kuongeza la upande wangu. Ukiwa umepigwa leza, basi mahali pale pasiguswe na singo. Liwa, manjano na mawardi tunavyovisugua kwa nguvu siku zile za mwisho vitachubua ngozi changa, na msuguaji asiyejua hatakuonea huruma, kwa hiyo mwambie mapema, usione haya. Piko nayo, ile nyeusi ya kuchanganya na dawa ya nywele, nimeiona ikiwatoa mabibi harusi malengelenge hata kwenye ngozi nzima isiyo na neno. Tutakupaka hina ya majani matupu, na mkono ule tutaanzia chini kwenye kiganja, tatuu tuiache ifunikwe na mkono wa nguo. Shela zetu za mikono mirefu zitakusitiri bila taabu yoyote, na hakuna mgeni atakayejua.

Binti wa Ngamiani

Nawashukuru sana, dada muuguzi, kaka baharia, na mama yangu somo. Nimesoma nikalia kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimekwishaweka fedha kwa ajili ya pale nilipoahidiwa siku moja, na ilikuwa niende wiki ijayo. Sitakwenda. Nimebakiwa na swali moja tu: je, nianze sasa, hata kama haitakwisha, au ningoje nikishaolewa?

Muuguzi wa Pangani anajibu

Mdogo wangu, swali hilo lina upande ambao wanaharusi huwa hawaufikirii. Ukishika mimba, leza itasimamishwa, na kwa kawaida husimamishwa pia unaponyonyesha, hivyo ukianza baada ya harusi na Mungu akakujaalia mapema, huenda ukakaa miaka miwili au zaidi kabla ya kuendelea. Hakuna ubaya wowote katika kusimama katikati, kwani wino uliokwisha kuondoka haurudi, na uliobaki utakusubiri. Ila ni jambo la kuzungumza na mchumba wako sasa, mkiwa mmetulia.

Kwa maoni yangu, mwone daktari wa ngozi mwezi huu, ufanyiwe kipande cha majaribio kwenye herufi moja nyeusi, na msiguse ua kwa sasa. Ngozi ikijibu vizuri, fanya mara moja zaidi, lakini iwe imebaki si chini ya miezi 2 kabla ya harusi, ili kama kuna baka lolote lipate muda wa kutulia. Mengine yafuate baadaye kwa nafasi yenu. Ukiweza kuchagua majira, chagua wakati wa kusi, jua likiwa limepungua makali na mikono mirefu ikivalika bila kukuchosha, kwa sababu ngozi iliyotoka kupigwa leza ikiota jua hutoka mabaka meusi. Katika kaskazi utajikuta unapandisha mkono wa nguo kila saa kwa joto.

Usisahau kupiga picha ya tatuu kabla ya siku ya kwanza, mahali penye mwanga wa kutosha, na upige nyingine kabla ya kila safari. Mabadiliko ni ya polepole mno, na wagonjwa wengi waliokata tamaa mbele yangu walikuwa wamekwishafika nusu ya njia bila kujua.