Naomba ushauri: kompyuta ya ofisi inasema saa tatu asubuhi, simu ya mkurugenzi inasema saa tisa alasiri

MhaziliUpperHill

Wanajukwaa, hamjambo. Mimi ni mhazili katika ofisi moja hapa Upper Hill, na shajara ya mkurugenzi iko mikononi mwangu. Tumeachana na programu ya zamani ya ratiba, iliyokuwa ndani ya kompyuta moja tu, tukahamia kalenda ya mtandaoni ambayo mkurugenzi anaweza kuifungua akiwa popote. Niliitoa ratiba yote ikawa faili moja ya ics, yaani ya muundo wa kalenda, nikaiingiza kwenye kalenda mpya, na kwenye kompyuta yangu kila kitu kimekaa mahali pake: kikao cha Jumatatu cha saa tatu asubuhi kiko saa tatu asubuhi. Simu ya mkurugenzi, ambayo inatumia akaunti ile ile, inakionyesha kikao hicho hicho saa tisa alasiri.

Juma hili mteja mmoja alitoka Athi River alfajiri, akavumilia msongamano wa Mombasa Road, akafika na kuambiwa kwamba mkurugenzi bado yuko nyumbani, kwa kuwa simu yake ilimwonyesha kwamba asubuhi yote ni tupu. Swali langu ni moja: nibadilishe nini kwenye simu ili ifanane na kompyuta? Tafadhali msiniambie niandike miadi yote upya kwa mkono, maana ni ya mwaka mzima.

MamaRatiba

Pole sana, dada. Hapo wala usiitafute simu. Saa tatu asubuhi kwa Kizungu ni 9, na kuna mtu ofisini kwenu ameiona hiyo 9 akaisoma kwa Kiswahili, ikawa saa tisa. Nilipokuwa mapokezi katika zahanati moja, mzee mmoja aliandikiwa kwenye kadi arudi saa 2:00 alasiri, naye akafika saa mbili asubuhi, akakaa kwenye benchi hadi adhuhuri akiamini kwamba daktari ndiye aliyechelewa. Tangu siku hiyo kila miadi ninaiandika kwa maneno, na wenzangu wananicheka, lakini hakuna mgonjwa aliyepotea tena.

KijanaWaKayole

Mimi naona simu imemhurumia mkurugenzi ikampa usingizi. Yangu hainihurumii hata siku za sikukuu.

FundiMitambo

Mhazili, kabla hatujaigusa simu, naomba vitu viwili. Kwanza, kwenye mipangilio ya akaunti yenyewe ya kalenda, saa za eneo zilizowekwa ni za mji gani? Pili, ifungue ile faili kwa programu ya maandishi ya kawaida kama Notepad, utunakilie mstari unaoanza na DTSTART, unaotaja saa ya kuanza, wa hicho kikao cha Jumatatu. Kichwa cha kikao na majina ya watu usiyaweke hapa.

MhaziliUpperHill

Asante, Fundi. Mipangilio iko sawa, na saa ya kompyuta yangu inalingana na ya ukutani dakika kwa dakika. Ndiyo maana nauliza kuhusu simu. Mama Ratiba, miadi hiyo niliiandika mimi mwenyewe katika programu ya zamani kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo sidhani kwamba kuna aliyesoma vibaya.

WakiliMstaafu

Vijana wa leo mmeziachia mashine kazi ambayo karani mwenye kitabu na kalamu aliifanya bila kelele. Hata hivyo, kwa faida ya wasomaji, saa za Nairobi hazikuwa tangu jadi saa tatu kamili mbele ya Greenwich. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 tulikuwa mbele kwa saa 2 na dakika 45, na ni mwaka 1942 tulipofikia hizi saa 3 tulizo nazo hadi leo. Mkurugenzi wa wakati huo angekuwa na malalamiko ya haki.

FundiMitambo

Tunakushukuru, mzee. Mhazili, sikuuliza kuhusu saa ya kompyuta. Kalenda ya mtandaoni ina mpangilio wake wa saa za eneo, ambao ni wa akaunti na unaweza kutofautiana kabisa na saa ya mashine unayoitumia. Simu kwa kawaida hufuata mahali ilipo, na kwa kuwa mkurugenzi yuko Nairobi, itamwonyesha saa za Nairobi. Simu ikisema saa tisa na kompyuta ikisema saa tatu, ninayoishuku ni kompyuta. Narudia: akaunti imewekwa mji gani?

MhaziliUpperHill

Buenos Aires.

Lakini niruhusuni nieleze kabla hamjanicheka. Nilipoiingiza faili mara ya kwanza, akaunti ikiwa Nairobi, kikao cha saa tatu asubuhi kilitokea saa sita mchana. Nikajua kwamba faili inahesabu kwa saa za Greenwich, na kwa kuwa sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa tatu, nikamwomba mpwa wangu, ambaye anasomea kompyuta chuoni, aandike programu ndogo ya kuongeza saa tatu katika kila tukio. Baada ya hapo kikao kikatokea saa tisa alasiri. Muda ulikuwa umekwisha, mkurugenzi anasubiri, nami nikaipitia orodha ya miji kwenye mipangilio hadi nikapata mji ulioirudisha saa tatu mahali pake. Kwenye kompyuta hakuna hata kikao kimoja kilichoharibika, kwa hiyo njia hiyo inafanya kazi. Kilichobaki ni simu tu, nami nilitaka kuiweka Buenos Aires vilevile.

MsomajiKimya

Nimekuwa nikisoma bila kusema neno, lakini sasa sina budi. Kikao kinatoka saa tatu na kutua saa tisa, yaani saa sita kamili, pengo lile lile lililoko kati ya saa za Kiswahili na za Kizungu, ambalo kila mchekeshaji wa nchi hii amelitumia. Kisha anaingia mpwa mwenye programu, na mwishoni mhazili wa Upper Hill anaishia Ajentina. Huu ni utunzi, tena umetungwa vizuri. Wanajukwaa, msipoteze muda wenu.

KijanaWaKayole

Kama ni utunzi, mimi nataka sehemu ya pili, mkurugenzi akiulizwa kwa nini simu yake iko Amerika Kusini.

MamaRatiba

Mimi bado nasema ni saa za Kiswahili. Utunzi au si utunzi, saa sita ni saa sita.

MwalimuWaHisabati

Jambo hili linaweza kupimwa bila kumtukana mtu. Ikiwa aliyekosea ni msomaji wa saa za Kiswahili, miadi ya alasiri haitaguswa, kwa sababu programu ya zamani inaiandika 14:00 na katika saa za Kiswahili hakuna saa ya kumi na nne ya kuchanganya. Ikiwa kuna aliyejumlisha saa tatu juu ya saa tatu, kila kitu kitasogea saa sita bila kubagua asubuhi wala jioni. Dada, una kikao cha saa nane mchana? Simu inakionyesha saa ngapi?

MhaziliUpperHill

Kipo cha Jumatano. Simu inakionyesha saa mbili usiku. Na kwa kuwa naitwa mtunzi, hii hapa mistari miwili ya kile kikao cha Jumatatu, wa kwanza kutoka faili ya awali na wa pili kutoka faili aliyoirekebisha mpwa wangu:

DTSTART:20260309T090000Z

DTSTART:20260309T120000Z

Jingine ambalo sikulitaja ni kwamba Sikukuu ya Madaraka kwenye simu inaanza saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 1 Juni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 2. Kwenye kompyuta ni siku moja nzima kama inavyotakiwa, na hilo nalo linaonyesha kwamba mpangilio wangu si mbaya.

MsomajiKimya

Naiondoa sehemu ya shutuma yangu. Mtunzi asingeikumbuka Madaraka. Sehemu ya mpwa bado naichunguza.

FundiMitambo

Sasa tunaona. Itazame herufi Z iliyo mwisho wa mstari wa kwanza. Katika muundo wa iCalendar, ndio wa hiyo faili ya ics, ambao kanuni zake za sasa ziliandikwa katika waraka wa viwango vya mtandao RFC 5545 wa mwaka 2009, Z maana yake ni kwamba saa iliyoandikwa ni ya UTC, yaani ya Greenwich. Programu yenu ya zamani ilichukua 09:00 ya Nairobi jinsi ilivyo, bila kupunguza saa tatu, kisha ikabandika Z. Kalenda mpya ikaamini ilichoambiwa: 09:00 ya Greenwich ni 12:00 ya Nairobi, ndiyo ile saa sita mchana uliyoiona. Kilichotakiwa ni kupunguza saa tatu, mpwa akaongeza, na saa ikawa 12:00 ya Greenwich, yaani 15:00 kwetu. Buenos Aires iko nyuma ya Greenwich kwa saa tatu, kwa hiyo macho yako yanaona 09:00, lakini miadi yenyewe bado imehifadhiwa saa tisa alasiri ya Nairobi. Kila mteja unayemwalika kutoka akaunti hiyo anapokea saa tisa, na kila mwaliko wa saa nne asubuhi unaoletewa wewe unauona saa kumi usiku. Ukiiweka na simu Buenos Aires, mkurugenzi ataona saa tatu kwenye kalenda huku saa iliyoko juu ya kioo cha simu ikimwambia kwamba bado ni usiku.

MhaziliUpperHill

Nilishangaa kuona mteja mmoja ametuomba kikao saa kumi usiku. Nilidhani ni mtu wa bidii.

Lakini je, siwezi kuiacha Buenos Aires mpaka mwezi uishe, kisha nirekebishe kwa utulivu? Nimekwisha kuzoea.

FundiMitambo

Hapana, kwa sababu kila kikao kipya unachokiandika sasa kinabeba saa za Buenos Aires, na siku utakayorejesha Nairobi vikao hivyo vitaruka huku vile vya zamani vikiruka pia, nawe hutajua kipi kinatoka wapi. Irejeshe akaunti Nairobi leo. Faili ya mpwa iweke kando, ishike ile ya awali, tengeneza nakala yake, kisha ufanyie kazi kwenye nakala. Mstari wa kikao unapaswa kusomeka hivi:

DTSTART;TZID=Africa/Nairobi:20260309T090000

Saa inabaki 09:00, Z inaondoka, na jina la mahali linaingia. Mistari ya DTEND, ya saa ya kumaliza, ifanyie vivyo hivyo, pamoja na ya EXDATE, inayotaja siku ambazo kikao cha kila juma kiliahirishwa. Usipoibadilisha, vikao vilivyofutwa vitafufuka. Usimwachie mpwa afute kila Z anayokutana nayo ndani ya faili. DTSTAMP, muhuri wa wakati tukio lilipoandikwa kwenye faili, kwa kanuni lazima ibaki na Z yake, na UNTIL, inayotaja mwisho wa marudio katika vikao vya kujirudia, nayo hubaki na Z pale ambapo DTSTART ina jina la mahali. Aongeze pia kile kipande cha VTIMEZONE kinachoeleza Africa/Nairobi ni nini. Kwetu ni kifupi mno, +0300 kwenda +0300, kwa kuwa Kenya haisogezi saa.

Madaraka isipewe saa kabisa. Iandikwe DTSTART;VALUE=DATE:20260601, na DTEND;VALUE=DATE:20260602. Hiyo tarehe 2 si kosa, kwa sababu siku ya mwisho katika muundo huu haihesabiwi.

BaharaMvita

Naongezea moja kwa atakayesoma uzi huu akiwa na tatizo linalofanana. Niliwahi kupokea faili ambayo TZID yake, yaani jina la saa za eneo, iliandikwa "E. Africa Standard Time", jina ambalo Windows huiita Nairobi, nayo programu niliyoitumia ilijua "Africa/Nairobi" pekee. Haikulalamika, ililipuuza jina hilo kimyakimya na kuvichukua vikao kana kwamba ni vya Greenwich. Nilibadilisha jina katika faili nzima, tatizo likaisha. Anayetoa ratiba kwa CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, naye ajue kwamba faili za namna hiyo mara nyingi hazina safu ya saa za eneo, kwa hiyo akaunti iwe na mji sahihi kabla ya kuingiza chochote.

MwalimuWaHisabati

Usiiingize faili yote kwa mkupuo. Fungua kalenda mpya tupu ndani ya akaunti hiyo, uipe jina la majaribio, uingize kikao cha asubuhi, cha alasiri, na sikukuu moja. Vikikaa sawa kwenye kompyuta na kwenye simu, ingiza vilivyobaki. Visipokaa, unafuta kalenda ya majaribio peke yake.

MhaziliUpperHill

Nimefanya jaribio. Jumatatu saa tatu asubuhi, Jumatano saa nane mchana, Madaraka siku moja, na simu inakubaliana na kompyuta katika yote. Mpwa wangu anasema programu yake haina kosa, kwani ilifanya ilichoagizwa, na kwa kweli Buenos Aires ilitusitiri kwa muda.

Kuna kikao kimoja ambacho sikukitaja kwa kuwa sikuona kwamba kinahusika. Kila Alhamisi saa kumi na moja jioni mkurugenzi huzungumza na wenzake wa London, ambao wao ndio hupanga saa. Nacho nikiandike Africa/Nairobi?

FundiMitambo

Hicho ndicho kikao pekee ambacho ningekutaka ukitoe kwenye faili na kukiandika kwa mkono. Saa kumi na moja jioni yetu sasa hivi ni saa nane mchana kwao, 14:00. Uingereza itasogeza saa mbele Jumapili ya tarehe 29 Machi, na kuanzia hapo 14:00 ya London ni saa kumi alasiri ya Nairobi, hadi tarehe 25 Oktoba watakapoirudisha. Ukikifunga kwa Nairobi, mkurugenzi atapiga simu wakati wenzake wameshamsubiri saa nzima. Kiandike 14:00, Europe/London, kijirudie kila Alhamisi, na kalenda itakisogeza yenyewe. Vile vikao vya Buenos Aires vilivyo na wageni, unapovifuta, utaulizwa kama utume taarifa ya kughairi. Kubali, kisha utume mialiko mipya, kwa maana wateja hao bado wana saa tisa mikononi mwao.

MhaziliUpperHill

Wateja hao ni wengi kidogo. Naanza nao sasa, na wa Athi River nitampigia simu.